Mti wa Tatu Alioupanda Rais

Uliokufa ulikuwa mti wa tatu, na kijiji kizima kilihangaika nao kama kimefiwa, isipokuwa Salvör, ambaye mti ule ulikuwa wake kuliko wa mtu mwingine yeyote. Alipoambiwa majani yamegeuka kahawia, alisema "haya," akaendelea kukata minofu. Mimi nilikuwa kando yake pale mezani kiwandani, kama nilivyokuwa kando yake miaka yote, na nusura nimpige na samaki usoni nione kama bado yumo ndani.

Lakini ngoja kwanza niseme habari ya miti yenyewe, maana sisi na miti ni vitu viwili. Huku magharibi ya Iceland mlima unashuka moja kwa moja mpaka baharini, na upepo ukiamka vibaya unaondoka na nguo, kamba na misumari yake. Tuna majani, mawe, kondoo, na ile mboga chachu ya mashina mekundu tunayopikia jamu. Miti hatuna. Mtoto wa hapa ukimwambia achore mti, anakuchorea nguzo ya simu yenye nywele.

Kiangazi kile kilichotangulia, Rais alikuja kututembelea. Rais wetu alikuwa mwanamke, na madaraka hakuwa nayo. Sheria zinapikwa na wengine, yeye anatia saini. Daraja linajengwa na wengine, yeye anakata utepe. Msimamizi wetu wa kiwanda alipenda kusema, "Yule mama kazi yake ni kunywa kahawa na kupunga mkono. Hawezi hata kukupandishia bei ya chewa mmoja." Alisema hivyo mpaka siku Rais alipoingia kiwandani. Siku hiyo bwana mkubwa alivaa tai juu ya aproni ya plastiki, na tai yenyewe akaifunga kama anamfunga ndama.

Sijui nikuelezeje tulivyompenda. Picha yake ilikuwa jikoni kwa kila mtu, imekatwa gazetini, imebandikwa kati ya Yesu na saa. Dýrfinna, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Wanawake, alikata nywele kama za Rais, akaonekana kama kondoo aliyetoka mtoni, lakini hakuna aliyethubutu kumcheka mbele yake. Mwenye madaraka unamtii kwa sababu atakufanya kitu. Yule tulimtii kwa sababu tuliona aibu kumwangusha, na mimi nakwambia aibu ina nguvu kuliko polisi.

Mfano ni Hallvard. Kondoo wa Hallvard walikuwa wanakula maua makaburini tangu mimi niko shule. Halmashauri imemsihi, imemtisha, mchungaji amemhubiria hadharani, uzio hajengi. Rais akapanda miti mitatu midogo kwenye uwanja juu ya kiwanda, ile yenye gome jeupe, myembamba kama sindano ya kufumia. Kesho yake Hallvard huyo, na nguzo zake, na waya wake, akazungushia uzio bila kuombwa.

"Hallvard, umepatwa na nini?" msimamizi akamuuliza.

"Rais kanishika mkono."

"Hata mimi kanishika mkono."

"Wewe umeshanawa," Hallvard akamjibu, akaendelea kugonga misumari.

Sasa, miti mitatu haikupandwa hivi hivi. Wa kwanza ulikuwa wa wavulana, wa pili wa wasichana, wa tatu wa watoto ambao bado hawajazaliwa. Ulipofika wa tatu, Dýrfinna alimshika Salvör bega akamsukuma mbele, maana Salvör alikuwa na mimba, tumbo limetangulia kama ndoo chini ya sweta, na alikuwa ameisubiri mimba hiyo mpaka watu wakaacha kumuuliza. "Huo wako," tukampigia kelele, "ushike mwenyewe!" Akaushika wima, udongo ukatiwa, picha ikapigwa. Ilitoka gazetini. Torfi mume wake alionekana nyuma kabisa, nusu uso, ananyoosha shingo. Dýrfinna akaibandika ile picha chumba cha kahawa kiwandani, juu ya birika.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, uchungu ukamshika Salvör kabla ya wakati. Torfi alimpeleka hospitali, ng'ambo ya mlima. Walimtia dawa akalala, na alipoamka mambo yote yalikuwa yamekwisha. Mtoto alizaliwa amekufa, ameshaondolewa. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa desturi, na hakuna aliyeiona mbaya. Mtoto wa namna hiyo hachimbiwi kaburi lake. Anawekwa ndani ya jeneza la mtu mwingine anayezikwa siku hizo, asilale peke yake, na mama haambiwi ni nani. Walisema ni heri asijue, atasahau upesi. Torfi ndiye aliyezungumza na watu wa hospitali, Salvör akiwa usingizini.

Salvör akarudi, akavaa aproni, akakata minofu. Siku ile ile ya kurudi kwake niliona picha imeondoka juu ya birika, na nilijua ni Dýrfinna. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yetu. Tulibandua picha, tukamwagia kahawa kikombeni, basi. Sijivunii, lakini ndivyo tulivyolelewa. Mambo ya namna hiyo tunayapita pembeni kama dimbwi.

Majira yote ya baridi alikuwa vile vile. Hakulia. Alikula ukimpa, alijibu ukimuuliza, na usipomuuliza angekaa kimya mpaka kengele ilie. Mara moja tu, tukinoa visu, alisema bila kuniangalia, "Torfi alimtoa mtoto wangu nikiwa nimelala, Ebba. Nilipoamka akaniuliza kama nataka supu." Akajaribu kisu kwa kidole gumba. "Supu," akasema tena. Nilimsogezea jiwe la kunolea.

Torfi naye, ee Mungu. Fundi wa mashine ya barafu, jitu refu, kauli tatu kwa juma. Nilimchukia kipindi kile chote. Nilimwona anapita na ndoo na mabuti yake kama hakuna kilichotokea duniani, nikasema moyoni, wanaume wengine wamezaliwa ndani ya hiyo mashine.

Theluji ilipoyeyuka, kitu kimoja kilibadilika. Salvör alianza kupanda mpaka kule uwanjani saa ya mapumziko. Anasimama nje ya uzio, anautazama mti wa tatu, kengele ikilia anashuka. Hakusema kwa nini, na haikuhitaji akili nyingi kujua. Wengine wana kaburi la kwenda. Yeye alikuwa na kijiti kile.

Na kijiti chenyewe, mvua ya masika ilipokosa, ndicho kilichoanza kunyauka. Umoja wa Wanawake tulikuwa tunainyweshea yote mitatu kwa zamu, maji ya kijito. Mti wa wavulana ukachipua, wa wasichana ukachipua zaidi, sisi tukacheka kwa fahari. Wa tatu ukatoa majani machache, yakajikunja pembeni, yakageuka rangi ya tumbaku.

Ndipo ikaja habari kwamba Rais atapita. Linafunguliwa daraja ghuba ya jirani, na yeye mwenyewe ameomba asimamishwe kwetu aone miti yake inaendeleaje. Watu walipagawa. Msimamizi akapaka rangi mlango wa kiwanda, akasahau akaushika. Dýrfinna akaitisha mkutano palepale chumba cha kahawa.

"Nimeshazungumza kwa simu na bwana wa misitu," akasema. "Atanipa mwingine, urefu ule ule. Jioni kabla Rais hajafika, tunang'oa huu, tunatia huo. Hakuna atakayejua."

"Mungu atajua," nikasema.

"Mungu hapigi picha, Ebba. Mnataka mama wa watu aje akute nini? Kuni?"

Wakacheka. Salvör akaweka kikombe chini.

"Hakuna atakayeung'oa," akasema.

Tuligeuka wote. Sauti yake ilikuwa imeshika kutu kwa kutotumika.

"Salvör mpenzi," Dýrfinna akasema taratibu, "mti umekufa."

"Najua umekufa."

"Sasa basi?"

"Mna haraka sana nyie ya kuondoa waliokufa. Huu mtauacha." Akainuka, akasuuza kikombe chake, akarudi mezani kabla ya kengele.

Dýrfinna alibaki amekaa, uso umemwiva. Si mwanamke mbaya. Lakini alikuwa anamwogopa Rais kuliko anavyomwogopa Mungu, na alikwishajipangia atakavyosimama na mti gani kulia kwake. "Kwa hiyo tumwaibishe Rais kwa sababu ya huzuni ya mtu mmoja?" akaniuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema. Nikamwambia Rais atasalimika, sina wasiwasi naye.

Sasa kila mtu akataka kujua nani kauua. Lawama ya kwanza ikamwendea Hallvard, kama kawaida.

"Ni kondoo wako hao."

"Mama," Hallvard akamwambia Dýrfinna, "kondoo wangu akila kitu, hakibaki kusimama kikakauka. Anakula mpaka na kibao chenye jina."

Alinichukua uwanjani nikaone. Akapiga magoti, akafukua udongo kwenye shina kwa kidole. Udongo ulikuwa umeganda, mweupe mweupe, na ndani yake vitu vinameta. Nikachukua kimoja nikakitazama. Gamba la samaki. Mengine mengi, chini ya mti ule wa tatu tu.

"Mti wenu unakula samaki," Hallvard akasema. Nikamwambia labda ni ndege wa baharini wanadondosha. Nikafuta kidole kwenye aproni, nikaliacha hapo.

Jioni ya kuamkia ziara, jua bado liko juu, Dýrfinna alipita kwangu na koleo begani, mti mpya ameukumbatia, mizizi imefungwa gunia. Nilifuatana naye. Nilijiambia nakwenda kumzuia asifanye ujinga, lakini nusu ilikuwa udaku, siwezi kukataa.

Salvör alikuwa ameshafika. Amekaa ndani ya uzio juu ya kreti ya samaki, mgongo kwa mti wake, anafuma soksi. Hakuinua macho.

"Salvör, tusifanyiane hivi," Dýrfinna akasema.

"Fanya unachotaka. Mimi sitoki."

"Nikuchimbie chini ya makalio?"

"Chimba."

Dýrfinna akachomeka koleo chini, lakini mbali, penye majani, akaliegemea. Tukakaa hivyo wanawake watatu, upepo unatupiga. Nilikuwa natafuta neno la kusema ndipo nilipoona Torfi anapanda kutoka kiwandani, ameinama, ndoo imejaa, anatembea kwa hadhari isimwagike. Alifungua geti la uzio kwa goti, kama mtu aliyelizoea. Ndipo akatuona.

"Torfi," Dýrfinna akasema, "una nini humo?"

"Maji."

Dýrfinna akasogea, akachungulia. Hata mimi nilipokuwa nilisikia harufu. Maji mekundu mekundu, yale ya beseni la kutolea matumbo samaki. Na maji ya kuoshea samaki kiwandani kwetu yanavutwa kutoka baharini, hilo kila mtu analijua. Dýrfinna akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Haya ndiyo unayoumwagia mti?"

"Yana damu," Torfi akasema. "Yana nguvu haya. Mama alikuwa anaimwagia ile mboga ya jamu, ilikuwa inanifika kifuani."

Ni kweli, na mama yangu alifanya hivyo, na mama yake Dýrfinna. Ile mboga haijali kitu, ukiimwagia bahari inakushukuru. Nasi mimea mingine hatukuijua.

"Chumvi, Torfi," Dýrfinna akasema. Hakupaza sauti. "Bwana wa misitu kitu cha kwanza alichoniambia ni hicho. Msiusogezee chumvi. Tangu lini unaumwagia?"

"Tangu theluji iondoke. Nikitoka zamu."

"Kila siku?"

"Ulikuwa umedhoofu. Nikaona niuzidishie."

"Yote mitatu?"

Torfi aliitazama ile miwili ya mbele, yenye majani yake. "Hapana," akasema. "Ile ina watu wengi."

Majira yote ya baridi nimemtukana mtu huyu moyoni. Yeye alikuwa bado ameshika ndoo. Alitutazama mmoja mmoja, polepole, na nikaona inamwingia.

"Nimeuua mimi?" akauliza.

Dýrfinna akaangalia bahari. Nami nikaangalia bahari.

"Ndiyo," Salvör akasema.

Alikuwa ameacha kufuma. Alimtazama mumewe kwa muda, na uso wake haukuwa na hasira wala chochote. Ulikuwa uso ule ule niliouona mezani tangu vuli. Kisha akasema, "Weka ndoo chini." Torfi akaiweka. "Kaa." Akakaa kwenye majani, jitu zima, magoti yakamfika kidevuni.

"Ulimwona?" Salvör akauliza.

Hatukuhitaji kuambiwa ni nani.

"Nilimshika," Torfi akasema. "Nilimshika mpaka wakasema basi."

"Alikuwa nani?"

"Msichana."

Mwenzangu, nilidhani jambo hilo alikuwa analijua. Miezi yote ile hakujua amezaa mtoto gani. Soksi ilimdondoka mapajani, hakuiokota.

"Ana nywele?"

"Nyingi. Nyeusi. Zimemfunika masikio." Torfi alionyesha kwa vidole vyake vinene pembeni ya sikio lake mwenyewe, namna zilivyolala.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nikasema nikikupa supu, ukipata nguvu, utauliza." Akang'oa majani, akayatupa. "Kisha ikawa siku nyingi. Sikujua pa kuanzia."

Dýrfinna alinishika mkono. Dýrfinna, ambaye haniombi hata sukari. Tungeondoka kama tungejua namna ya kuondoka bila geti kulia.

"Na uko wapi mwili wake?" Salvör akauliza. "Walikwambia walimweka na nani?"

"Hawakutaka kuniambia. Niliwaambia sitoki." Torfi alisema hivyo kwa sauti yake ile ile ya mashine. "Palikuwa na marehemu wawili wanaongoja kuzikwa. Nahodha mmoja, na bibi Mildríður wa bonde la kule. Wakataka kumweka kwa nahodha, ndiye wa kwanza. Nikawaambia hapana. Nahodha atajuaje kumshika? Nikasema kwa bibi. Yule bibi alilea wajukuu nyumba nzima. Nilisimama pale mpaka wakamweka kwenye mkono wake wa kushoto, huku juu. Nikaenda zangu."

Salvör hakulia, sijui niite nini. Meno yalikuwa yanagongana kama mtu aliyetolewa majini. Torfi hakumgusa; nadhani hakujua kama ameruhusiwa. Baadaye Salvör akainuka mwenyewe, akaichukua ndoo, akaibeba mpaka nje ya uzio, mbali, akaimwaga upande wa baharini. Akarudi.

"Kaburi lake utalijua?" akamuuliza.

"Nalijua. Huwa napita nikienda kununua vipuri."

Dýrfinna aling'oa koleo lake majanini, akaniambia, "Twende, Ebba, sijakanda unga bado." Akaacha mti mpya umelala pale ndani ya gunia. Alipofika kwake aliingia akafunga mlango, na nilisikia anapiga sufuria moja baada ya nyingine.

Asubuhi uwanja ulikuwa na mti wa wavulana, mti wa wasichana, na kijiti kikavu cha kahawia kimesimama palepale. Mti mpya haupo, gunia halipo. Gari la Torfi nalo halipo. Msimamizi akataka kupiga simu polisi kwamba tumeibiwa. Dýrfinna akamwambia akafunge tai.

Rais akaja. Watu walijaa mpaka barabarani, watoto na bendera zao, Hallvard amechana ndevu. Alitushika mikono wote, akala chapati za maji za jamu na krimu, akasifu jamu, na Dýrfinna hata hakutabasamu, jambo ambalo sitalisahau. Kisha tukapanda uwanjani. Mti wa kwanza akaupapasa majani, wa pili vile vile. Kwenye wa tatu akasimama. Watu wote walishusha macho kama tumekamatwa na nyama ya wizi.

Hakuuliza umekufaje. Aliuliza yuko wapi yule mama aliyeushika siku ile, yule wa kwenye picha, na mtoto alikuwa nani, mvulana au msichana.

Msimamizi akakohoa. Dýrfinna alikuwa ameandaa maneno ya kusema kuhusu mti ule, niliyajua, alinisomea juzi yake, endapo tungeshindwa kuubadili: upepo wa kaskazini, ukame, kadhalika. Alisogea mbele na nywele zake za kondoo, akakunja mikono juu ya aproni.

"Msichana," akasema, mbele yetu sote. "Mama yake na baba yake wamekwenda ng'ambo ya mlima kumpandia mti."